Mizani ya Chelo

Siku ya tatu Ilamèn alivaa gauni la mazishi. Siku mbili zilizotangulia alikuwa amekwenda ofisini na sketi yake ya kazi, yenye madoa ya utomvu wa miwa, na karani akamwambia kupitia dirishani kwamba Don hayupo, ilhali redio ya Don ilikuwa ikisikika mpaka barazani. Basi akawaza labda ni sketi. Akaazima viatu kwa shoga yake Jezila, akanyoosha gauni kwa kitako cha sufuria ya moto, na pale ubavuni palipofumuka akapabana kwa pini. Sasa alikuwa amesimama kwenye baraza ya zege, mkono mmoja umebana ubavu ili pini isionekane, mkono wa pili umeshika mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko mlikuwa na kadi ya chanjo, ripoti za shule za miaka minane, na picha moja ya binti yake Yudelka akiwa na sare.

Viatu vilikuwa vidogo. Asubuhi kivuli cha paa kilimfunika mwili mzima. Kufikia saa sita kilikuwa kimerudi ukutani, na yeye hakuthubutu kukifuata, kwa sababu ukutani ndipo alipolala mbwa wa Don.

Don Eligio, msimamizi wa kambi ya wakata miwa, alikuwa anasikiliza mchezo wa besiboli. Timu zilipopumzika alipunguza sauti na kusema, bila kugeuka, kwamba yule mwanamke aingie.

Ilamèn akaeleza kama alivyofanya mazoezi njia nzima, kwa Kihispania chake cha jikoni na shambani. Mtoto yuko darasa la nane. Mwalimu mkuu amesema bila cheti cha kuzaliwa jina lake halitaandikwa kwenye mtihani, na orodha inafungwa wiki moja baada ya Pasaka. Ofisi ya vizazi mjini haitoi cheti bila barua ya msimamizi kusema mtoto kazaliwa kambini. Ni hilo tu. Barua.

"Alizaliwa hapa, Don. Chumba cha kumi na moja. Señora, mkeo mwenyewe, alinipa shuka."

"Nakumbuka," akasema Don Eligio. Alikuwa akimenya pera kwa kisu kidogo. "Mimi nakumbuka mengi, Ilamèn. Nakumbuka hata wimbo wako wa mwezi huu. Niimbie."

Alidhani hakusikia vizuri.

"Niimbie. Nje mnaniimbia kila Jumapili mkipita barabarani na mianzi yenu. Hapa ndani kuna nini?"

Kila Kwaresima watu wa kambi, kama walivyofanya wazazi wao kule Haiti, walitoa bendi ya rara: ngoma, mabati ya kukwaruza, bendera mbele, na mianzi ya kupuliza ambayo kila mmoja una sauti moja tu, hata mtu akiwa peke yake hawezi kupiga wimbo. Na kila Kwaresima bendi ilirusha vijembe. Ndiyo majuma pekee katika mwaka ambayo mkata miwa aliweza kumwambia mkubwa neno mbele ya uso wake, maana limeimbwa, na lililoimbwa halina mwenyewe. Kijembe kizuri kilikuwa na mpangilio wake: mistari mitatu ya asali, wa nne mwiba. Ilamèn ndiye aliyeimbisha. Alikuwa na sauti iliyosikika kambi tatu, na firimbi shingoni ya kufungua na kufunga. Na sheria ilikuwa moja, wala haikuandikwa popote: neno la mwimbishaji halianguki chini. Akirusha, kundi linapokea, liwe neno gani. Neno likianguka bila kupokewa, mtu wa bendi hufa kabla ya Kwaresima nyingine. Waliwahi kuona.

Mwaka huo alitunga wimbo wa Chelo, kijana aliyepima miwa kwenye mizani ya kampuni na, watu walisema, kukanyaga upande wa mawe ya kupimia ili miwa isome pungufu. Aliutunga akifua. Ulienea kabla nguo hazijakauka.

Akauimba hapo ofisini. Aliuimba akitazama miguu ya meza, kwa sauti ndogo kama mtu anayeungama.

*Chelo kijana mtanashati,*
*Shati lake limepigwa pasi,*
*Salamu zake kila asubuhi,*
*Mguu wake juu ya mizani.*

"Na wengine wanasemaje?"

"Wanasema, toa mguu, Chelo, toa mguu."

Don Eligio akacheka kwa dhati, hata akapangusa macho. Akasema sauti ya wimbo ni tamu, hilo halina ubishi, hata mkewe huuimba akipika. Ubaya uko kwenye maneno tu. Kisha akamweleza, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Ijumaa Kuu atakuja bibi mmoja wa Ulaya, anatoka kwa hao wanaonunua sukari ya kampuni. Bibi huyo hana imani na ofisi. Anataka kusikia watu wenyewe, nyimbo zao, furaha yao. Basi asikie wimbo wa mizani. Ila mizani iwe imenyooka.

"Niwaulize wenzangu," akasema Ilamèn.

"Uwaulize nini? Wewe ukirusha, wao si wanapokea? Nimekaa na nyinyi miaka ishirini, mama."

"Na barua, Don?"

"Barua ni dakika tano." Akakata kipande cha pera, akakiweka mdomoni, akaongeza sauti ya redio.

Ilamèn alisema ndiyo. Halafu akasema asante. Alipoinama kumshukuru pini ilifunguka ikamchoma ubavuni, naye akatoka nyumanyuma mpaka mlangoni ili yule bwana asione palipoachana.

Jezila alimsubiri penye bomba la maji. Akauliza Don kasemaje. Ilamèn akasema kasema ataangalia. Jezila, aliyekuwa mama wa ubatizo wa Yudelka na mwenye ulimi usiolala, akasema huyo macho yake huangalia pera tu, na kwamba amrudishie viatu kabla havijazoea miguu mikubwa. Wakacheka wote wawili. Kicheko cha Ilamèn kilikuwa cha kwanza kuisha.

Alikuwa ameishi kambini miaka kumi na tisa. Alivushwa mpaka kutoka Haiti kuja Jamhuri ya Dominika na lori la mavuno akiwa msichana, akaolewa na mkata miwa aitwaye Dyesifò, na mwaka Yudelka alipoanza kutembea tela la miwa likampindukia Dyesifò. Alimpa mtoto jina la Kidominika makusudi. Hakumwimbia hata wimbo mmoja wa kubembeleza kwa Kikreyoli, mtoto asije akashika lafudhi. Na hilo, kwa mtu aliyezaliwa kuimba, lilimgharimu. Mtoto akajifunza Kikreyoli hata hivyo, kwa kujipenyeza kwenye bendi. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya birika linalochemka, na alikuwa na kasoro moja ambayo Ilamèn hakuweza kuinyoosha: hakujua kungoja. Kila kundi lilipopokea, Yudelka alikuwa ameshapokea kitambo kidogo mbele yao.

Alhamisi mzee Sennvil alikuja kula. Ilamèn aliwapikia wakata miwa watano, unga wa mahindi na maharage, na siku njema kipande cha samaki wa chumvi. Sennvil ndiye aliyepuliza mwanzi mrefu kuliko yote. Alikuwa na fimbo fupi ya mpera aliyoichanja kwa kisu, alama upande huu kwa miwa aliyoikata, alama upande ule kwa miwa iliyoandikwa, na pande hizo mbili hazikufanana hata kidogo. Alimwambia kwamba ameshasikia habari za bibi wa Ulaya, na kwamba atakuja na mkalimani. Amemsubiri mtu wa namna hiyo misimu mingapi.

"Wewe mwanangu utafungua njia," akasema akipangusa sahani kwa kidole. "Imba Chelo, imba kwa nguvu. Yeye atauliza maana ni nini. Hapo mimi natoa fimbo. Wewe choma, mimi nionyeshe kidonda."

Ilamèn akamwongezea chakula. Mzee akatazama sahani, akasema leo kuna nini, mbona anapakuliwa kama bwana harusi.

"Kula tu, Mjomba."

Usingizi haukuja, wala hakuutafuta sana. Yudelka alikuwa amelala na daftari kifuani. Mama mwenye mtoto mmoja huona njia moja tu hata barabara ikiwa na njia kumi, na Ilamèn aliiona hiyo moja, akaipitia na kuipitia.

Ijumaa Kuu bendi ilitoka baada ya chakula cha mchana. Yudelka alishika bendera mbele, amefunga kitambaa chekundu kichwani, na miguu yake ilicheza hata pale alipotakiwa kutembea. Mbele ya ofisi palikuwa na viti vinne chini ya turubai. Mke wa Don alikuwa ameandaa vikombe vya maharage matamu ya Kwaresima, yenye maziwa na karafuu. Bibi wa Ulaya alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia ya majani, pua imeungua na jua, na uso wa mtu mwema kabisa. Alisimama kuwapokea. Alikuwa mgeni wa kwanza kuwahi kusimama kwa heshima ya watu wa kambi hiyo, na baadhi ya wanawake walitazamana.

Mianzi ikaanza, mmoja, mwingine, wa tatu, mpaka wimbo ukakamilika kati yao. Ilamèn akapuliza firimbi.

*Don Eligio baba wa kambi,*

akaimba. Wakapokea. Palikuwa na kitambo kidogo cha mshangao, kidogo kama pumzi, halafu wakapokea. Na mbele yao wote alipokea Yudelka. Wengine wakaanza kutabasamu. Kumbe leo hamchomi Chelo, leo anapanda juu kwa mwenyewe.

*Mizani yake imenyooka,*

Wakapokea kwa kelele zaidi. Jezila akakonyeza jicho. Mzee Sennvil, mashavu yamejaa upepo, akatikisa kichwa kwa raha. Asali ilikuwa nzito, basi mwiba utakuwa mrefu. Bibi wa Ulaya alikuwa ameinua simu yake akirekodi, na mguu wake ulikuwa ukigonga chini.

*Tani ya mtu ni tani yake,*

Wakapokea kwa vicheko, wakiruka, mikono juu, kambi nzima sasa, wazee na kina mama, kila mtu ameegemea mstari wa nne kama watu walioegemea mlango ambao hawajui uko wazi.

Ilamèn akapuliza firimbi kufunga.

Ngoma zilianguka moja moja. Mwanzi wa Sennvil ulitoa sauti yake moja peke yake, mara moja, ukanyamaza. Bibi wa Ulaya akapiga makofi kwa mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga.

Mkalimani, kijana mwenye miwani, akasema bibi amefurahi sana, na anauliza mbele ya wote, bila kuogopa mtu yeyote: je, wana lalamiko lolote kuhusu kazi, malipo, au upimaji?

"Lakini si wameimba sasa hivi?" akasema Don Eligio, akicheka, na mkalimani akalitafsiri hilo pia.

Fimbo ilikuwa ndani ya shati la Sennvil. Ncha yake ilionekana shingoni. Mzee akamtazama Ilamèn. Ilamèn akatazama bendera. Bendi haimkanushi mwimbishaji wake mbele ya wageni, si mpaka Pasaka ipite. Anayefanya hivyo anavunja mianzi yote. Mzee alilijua hilo kuliko mtu yeyote, yeye ndiye aliyewafundisha.

"Hakuna," akasema Sennvil. Akaisukuma fimbo chini kwa kidole.

Wakapewa maharage matamu. Wakayala wamesimama.

Jioni hiyo hiyo, jua halijazama, mzee alikuja chumba cha kumi na moja na sahani yake mkononi. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa. Kwa miaka yote alikuwa akiiacha hapo chafu kama mtu wa nyumbani.

"Mstari wa nne uko wapi, mwanangu?"

"Nimeusahau, Mjomba."

Akaiweka sahani kizingitini polepole, isigonge. Hakurudi kula.

Jumamosi barua ikaja. Aliileta Chelo mwenyewe, shati limepigwa pasi, akampa Ilamèn bahasha iliyofungwa kwa gundi na muhuri juu ya mfuniko. Akasema Don ameagiza isifunguliwe, ikifunguliwa haina kazi. Kisha akaongeza kwamba ule wimbo mpya ni mzuri, hata mama yake ameupenda. Alisema bila dhihaka, na hiyo ndiyo iliyouma.

Alipoondoka, Yudelka aliitazama ile bahasha, halafu mama yake.

"Uliimba kwa ajili yangu?"

"Niliimba tu."

"Ungeniambia. Nisingeshika bendera."

Ilamèn akamwambia akachote maji.

Waliifikisha mjini Jumanne baada ya Pasaka. Yudelka alivaa sare, shati la buluu na sketi ya kaki, kwa sababu Ilamèn alisema serikali inapenda kuona mtoto wa shule. Karani wa vizazi alikuwa mwanamke mwenye kucha ndefu. Alichana bahasha, akasoma, akageuka kwenye rafu. Palikuwa na vitabu viwili pale, cheupe na cha waridi. Akachukua cha waridi. Ilamèn aliona rangi na kufurahi. Ilionekana ya sherehe.

"Samahani, Señora," akasema Yudelka, "wenzangu darasani wana nyeupe."

"Barua za wenzako hazisemi hivi." Karani aliisoma kwa sauti kavu, kidole kikifuata mstari. Mama ni mgeni, asiye na hati, anayepita njia kwa ajili ya mavuno. "Anayepita njia, mtoto wake naye anapita. Mimi naandika nilicholetewa."

Ilamèn akamwuliza binti yake kwa Kikreyoli, karani kasemaje. Yudelka akasema tusubiri. Wakasubiri. Muhuri ukapigwa, mara mbili, na Ilamèn aliusikia kifuani kama ngoma ya kwanza ya Jumapili.

Nje, chini ya mwavuli wa muuza juisi, Yudelka aliisoma karatasi yote. Aliisoma tena.

"Mama, imeandikwa mimi si wa hapa."

"Jina lako limo?"

"Limo."

"Limeandikwa sawasawa?"

"Limeandikwa sawasawa. Mama, nisikilize. Imeandikwa mimi ni Mhaiti. Hii haiingii kwenye mtihani."

"Muhuri umo?"

"Umo."

"Basi," akasema Ilamèn. "Karatasi ni karatasi. Mwalimu ataona." Akaichukua, akaikunja mara moja tu isiharibike, akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chanjo. Hakuwahi kushika karatasi yenye jina la mwanawe na muhuri pamoja. Aliubeba mfuko kama mtu abebavyo mayai.

Penye njia panda ya kurudi kambini palikuwa na kizuizi. Askari wawili, na nyuma yao lori la manjano la kuwarudisha watu Haiti, lenye kizimba cha wavu, ambalo kila mtu wa kambi alilijua kwa mlio kabla ya kuliona. Ilamèn hakuogopa sana; alikuwa na kadi ya kampuni, imechakaa lakini inasomeka, na wakati wa mavuno kadi hiyo ilitosha. Askari mmoja akaitazama, akairudisha. Kwa Yudelka hakuuliza karatasi. Aliona sare. Akamwuliza, kwa utani, shule gani yenye likizo ndefu namna hii, na Yudelka akajibu kwa Kihispania chake cha haraka, kilichomeza herufi za mwisho kama cha askari mwenyewe, kwamba likizo haikuwa ndefu kama foleni za ofisi za serikali. Askari akacheka. Akapungia mkono wapite.

Walikuwa wameshapita hatua nne au tano.

Miaka kumi na tano Ilamèn alikuwa amempitisha mtoto huyo kwenye vizuizi akiomba Mungu wasiulize. Leo alikuwa na jibu mkononi, lina muhuri, na jibu hilo alikuwa amelilipia kwa sahani ya Sennvil. Akasimama.

"Na yeye ana karatasi," akasema kwa Kihispania.

"Mama, twende," akanong'ona Yudelka.

"Ana karatasi, Bwana. Leo tumeichukua." Alikuwa ameshafungua mfuko. "Mwonyeshe, Yudelka. Mwonyeshe askari karatasi yako."

Yudelka hakuitoa. Ilamèn aliitoa mwenyewe, akaikunjua, akamkabidhi.

Askari akaisoma. Tabasamu lilibaki usoni mwake kwa muda, kama kitu kilichosahauliwa pale. Akamwita mwenzake. Wakaisoma wote wawili.

"Hii ya waridi," akasema yule wa pili.

"Lakini yuko shule."

"Karatasi inasema ni wa kule."

Yudelka alisema ana mtihani. Alisema kwa utulivu, kama anayemkumbusha mtu saa. Alisema jina la shule, jina la mwalimu mkuu, akataja barabara. Wakampeleka kwenye lori wakimshika kiwiko, bila kumsukuma. Mmoja hata alimshikia mfuko wa daftari alipopanda.

"Nichukueni na mimi," akasema Ilamèn. Aliwafuata. "Mimi ndiye wa kule. Mimi ndiye nimetoka kule, nichukueni mimi."

"Wewe una kadi, mama," akasema askari. "Mavuno hayajaisha."

Lori lilipoondoka alitaka kumwita. Alifungua mdomo, ile sauti ya kambi tatu, na pakatoka upepo tu, kama mwanzi uliopasuka. Yudelka alikuwa amesimama ndani ya wavu, akimtazama, na mdomo wake nao ulikuwa unatamka kitu. Karatasi ya waridi ilibaki kwa askari.

Kuna simu moja iliyokuja, siku ya saba, kwenye simu ya Jezila. Yudelka alisema yuko Wanament, ng'ambo ya daraja la mpakani, analala kwa masista. Alisema wasichana wa pale wanakicheka Kikreyoli chake. Alisema ile orodha ilifungwa jana, sivyo? Ilamèn akasema ameshaongea na mwalimu mkuu. Hilo halikuwa kweli. Alifika hadi getini akaona aibu ya kueleza. Yudelka akauliza kama bado anaimba. Kabla hajajibu, salio la huko likaisha, na namba ilipopigwa tena alipokea mwanamume asiyemjua msichana yeyote.

Kwa Don alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa hayupo. Mara ya pili Don alitoka hadi barazani na kusema, kwa masikitiko, kwamba barua aliandika kama sheria inavyotaka, na kwamba nani alimwambia aionyeshe?

 Swali hilo alilichukua akarudi nalo nyumbani, akapika nalo, akalala nalo. Kati ya wakata miwa wanne waliobaki walikuja wawili, kisha hakuna. Penye bomba wanawake walimpisha mbele, kama mtu anavyompisha mgonjwa. Jezila peke yake ndiye aliyemsemesha, naye hakutania tena.

Mwezi wa tano bibi wa Ulaya alituma shukrani. Mizani ya kambi ilikuwa imeandikwa kuwa haina kasoro, na pamoja na barua alituma ule wimbo aliourekodi. Don Eligio aliupenda. Zamani gari la kampuni lilipita alfajiri likipiga honi kuwaamsha watu. Sasa likafungwa kipaza sauti juu ya paa, na Chelo, aliyepewa kuliendesha, akaupiga wimbo.

Asubuhi ya kwanza mzee Sennvil alitoka chumbani na panga lake, akasimama, akasikia mwanzi wake mwenyewe ukitoka kwenye bati la kipaza sauti. Akatema mate, akaenda shambani kwa njia ya nyuma. Wengine walijifunika blanketi vichwani. Kina mama waliwafokea watoto walioanza kuupokea.

Ilamèn alikuwa amekaa kitandani, mikono masikioni. Ndipo, kupitia vidole, akaisikia. *Mizani yake imenyooka.* Kabla kundi halijapokea, kitambo kidogo mbele yao wote, sauti nyembamba kama ya birika.

Kesho yake alisubiri mlangoni. Keshokutwa penye bomba. Wiki ya pili alikuwa akiamka gizani, akijifunga kitambaa, akienda kusimama penye waya wa uzio, pale gari linapopunguza mwendo kukata kona. Paliposimama yeye mistari yote mitatu ilipita. Alijua mahali pa kupumua. Sauti yake mwenyewe, kubwa, yenye nguvu, aliiacha ipite kama upepo wa lori. Alikuwa anangoja ile nyingine. Ilikuja mara tatu. Ya tatu ilikuwa na kicheko ndani yake.

Siku hiyo gari lilikawia. Wakata miwa walikuwa wameshaanza kutoka, mapanga mabegani, Sennvil mbele, wanapita nyuma yake bila salamu. Chelo alipofika konani alimwona pale penye waya, kama kila siku, akapunguza mwendo hadi gari likasimama. Akainamia dirishani, amefurahi.

"Umeupenda wimbo wako, eh, Mama Ilamèn?"

Wimbo ulikuwa umeisha. Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma. Hatua za wanaume nyuma yake nazo zilikuwa zimesimama, na alijua bila kugeuka ni za nani.

"Rudia, Bwana," akasema.

Chelo akarudia.